Fidia ya Damu: Je, ni Sadaka au ni Haki?

Usiku mmoja katika darasa yetu, tulipokuwa tumemaliza kusoma mlango wa dhamana, kijana mmoja alituwekea suali ambalo hatukulitarajia. Alisema: "Sheikh, nimesoma khabari za Uingereza. Serikali yao imetenga pauni bilioni 11.8 kuwalipa watu waliotiwa maradhi kwa damu katika hospitali zake. Waliofanya makosa yale wengi wamekwisha kufa au wamestaafu. Wanaolipa leo ni watu ambao siku zile hawajazaliwa. Hii ni haki gani?" Mzee wetu mmoja aliyekaa karibu na mlango akamjibu kwa haraka: "Mwanangu, kadari ni kadari. Tabibu hakukusudia kuua. Wakipewa kitu, na washukuru."

Tuliondoka usiku ule bila ya kukata shauri. Na lililo kweli lisemwe: sisi wenyewe tulielekea kwenye kauli ya mzee, kwani ni kauli nyepesi, nayo husikika kila msibani. Lakini tulipokwisha kuisoma khabari kwa ukamilifu wake tuliona kuwa wepesi ule una khatari ndani yake, na ndiyo maana tunaandika. Huenda msomaji akauliza, "Yatuhusu nini sisi mambo ya Waingereza?" Jawabu ni kuwa suali lenyewe si la Kiingereza. Ni suali la kila mahali ambapo mwenye nguvu amemdhuru asiye na nguvu, kisha akafungua mkoba wake.

Kwanza ni lazima jambo lijulikane sura yake, kwani hukumu hufuata sura.

Kuna watu wanaozaliwa na maradhi yaitwayo himofilia. Damu yao haigandi kama ya watu wengine. Mtoto akijikwaa, damu humvujia ndani ya goti au kiwiko kwa siku nyingi, kwa maumivu makali, na mwisho wake huwa ni ulemavu. Katika miaka ya 1970 ilienea dawa mpya ya kuigandisha damu yao: unga uliotolewa katika maji ya damu za watu, ambao mtu aweza kuuweka nyumbani katika friji na kujidunga mwenyewe bila ya kwenda hospitali. Ilikuwa ni faraja kubwa, wala hatutaki kuidharau. Watoto walioishi vitandani waliweza kwenda skuli na kucheza. Lakini fungu moja la dawa ile lilitengenezwa kwa damu za maelfu ya watu zilizochanganywa pamoja, na mmoja tu katika maelfu hayo akiwa na maradhi, fungu zima limeharibika. Uingereza haikutengeneza dawa ya kuwatosha watu wake, ikanunua Marekani, ambako makampuni yalikuwa yakinunua damu kwa watu wenye dhiki ya pesa, na hata kwa wafungwa magerezani.

Kwa njia hii, na kwa njia ya damu waliyotiliwa kina mama waliotokwa na damu nyingi katika uzazi, na majeruhi, na waliopasuliwa, watu zaidi ya 30,000 Uingereza waliambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini baina ya miaka ya 1970 na 1991. Kiasi ya watu 3,000 wamekufa. Katika wenye himofilia peke yao, kiasi ya 1,250 walipata virusi vya UKIMWI, na miongoni mwao watoto karibu 380. Huko Hampshire palikuwa na skuli ya bweni ya watoto walemavu, yenye kituo cha matibabu ndani yake ili wazazi watulie nyoyo. Katika wanafunzi 122 wenye himofilia waliosoma pale baina ya 1970 na 1987, walio hai leo ni kiasi ya thelathini tu.

Hii ndiyo sura ya madhara. Ama suali la kadari, linategemea jambo moja: je, walijua?

Mwaka 1970 mwanachuoni wa Kiingereza, Richard Titmuss, alitoa kitabu juu ya damu inayotolewa bure na damu inayouzwa, akaonya kuwa damu ya kununuliwa ina khatari zaidi, kwa sababu mwenye njaa ya pesa huficha maradhi yake. Mwaka 1975 Waziri David Owen aliahidi kuwa nchi itajitosheleza kwa dawa hizi katika muda wa miaka michache, na ahadi ile haikutimizwa. Mwezi wa Mei 1983 Dokta Spence Galbraith, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kuangalia maradhi ya kuambukiza, aliiandikia Wizara ya Afya kuwa dawa zilizotengenezwa kwa damu ya Marekani baada ya 1978 ziondolewe. Wakubwa wakaona kuwa ni mapema mno kufanya hivyo. Mwaka ule ule wananchi waliambiwa kuwa hapana ushahidi wa kukata kuwa maradhi yale yaambukiza kwa dawa za damu. Tena kipimo cha kuikagua damu kwa homa ya ini ya aina ya C kilipopatikana, Uingereza haikuanza kukitumia mpaka Septemba 1991, baada ya nchi nyingi kumtangulia.

Tutoe mfano. Mtu ana kisima, na mji wote unamtegemea. Akaja jirani akamwambia: "Nimesikia harufu katika kisima chako." Akaja wa pili, akaja wa tatu naye ni mjuzi wa visima, akamwambia: "Kifunge leo." Naye akajibu: "Watu wana kiu, na hapana aliyethibitisha kuwa ndani mna mzoga." Akaendelea kuteka na kuwapa watu, wala hakuwaambia alichoambiwa, ili kila mmoja achague baina ya kiu na khatari. Je, watakapokufa watu tutasema, "Masikini, hakukusudia"? Ni kweli hakukusudia. Lakini kukusudia ni jambo moja, na kupuuza ni jambo jengine, na kunyamaza mbele ya mtu anayekinga kikombe ni jambo la tatu. Tena kiu yenyewe haikuwa hoja iliyotimia, kwani palikuwa na kisima kidogo cha zamani. Wenye himofilia walikuwa na tiba iliyotangulia, iliyotokana na mtoaji mmoja au wachache. Ilikuwa na taabu zaidi, lakini khatari yake ilikuwa ndogo.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Sir Brian Langstaff ilitoa ripoti yake tarehe 20 Mei 2024, mijaladi saba, ikahukumu kuwa mambo haya hayakuwa ajali, na kwamba ukweli ulifichwa kwa miaka mingi. Ilikuta hata nyaraka za Wizara zilizoharibiwa kwa makusudi. Basi yule mzee wetu, tunamwambia kwa adabu na heshima yake yote: kadari haiharibu makaratasi.

Lakini tuwe waadilifu. Tuseme kuwa katika matabibu wale walikuwamo wengi walioamini kweli kuwa wanaokoa watu. Je, kwa kuwa hawana dhambi, hapana fidia? Hapa ndipo tulipopata faida kutokana na somo letu wenyewe la usiku ule, nasi hatukulitambua tulipokuwa tukilisoma! Wanavyuoni wetu walitenganisha zamani baina ya dhambi na dhamana. Mtoto mdogo akivunja chombo cha watu hana dhambi, na chombo hulipwa katika mali yake. Mtu akimwua mwenziwe kwa kukosea hauliwi, na diya haiondoki. Dhambi huangalia moyo wa mtendaji. Dhamana huangalia mkono wa aliyepoteza. Anayesema "hakukusudia" amejibu suali la kwanza, naye hakuligusa la pili.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, kwani ndipo palipo na funzo kubwa.

Watu wengi hudhani kuwa waathirika hawa hawakupewa chochote mpaka juzi. Sivyo. Walipewa tangu zamani. Mwishoni mwa 1987 serikali ilitoa pauni milioni 10, na mwaka uliofuata kukaundwa mfuko wa kuwasaidia wenye himofilia waliopata virusi vya UKIMWI. Mwaka 2004 ukafunguliwa mfuko mwengine kwa wenye homa ya ini: pauni 20,000 kwa mgonjwa, na 25,000 nyengine ini likishaharibika. Lakini kila mara serikali ilisema kwa ulimi ulio wazi kuwa inatoa kwa huruma, wala hailipi kwa kuwa imewajibika. Haya si fidia, walisema, ni msaada.

Je, tofauti iko wapi, na pauni ni pauni? Msomaji aliyewahi kusimama mlangoni kwa mtu anaijua tofauti. Mwenye haki huja akakaa kitako, akasema, "Nipe changu." Mwenye kuomba husimama, akaeleza dhiki yake, akaonyesha kiraka cha nguo yake, na anayempa humwangalia kutoka juu mpaka chini aone kama dhiki yake yatosha. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wale. Mgonjwa aliyetiwa maradhi na hospitali ya serikali alikuwa akiandika barua kwenye mfuko kuomba msaada wa matengenezo ya nyumba au samani, huku akitoa hesabu ya mapato yake na kungojea majibu. Wengi walikuja kusema mbele ya tume kuwa walijiona kama waombaji. Tunasema kuwa kumgeuza mdai kuwa mwombaji ni dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza, tena ni dhulma ya ujanja, kwa kuwa mdhalimu hubaki na jina la mkarimu. Sadaka yastahiki kushukuriwa. Deni halina shukurani ndani yake; lina kulipwa tu. Na mtu anayelipa deni lake huku akingojea ashukuriwe, huyo hajalipa sawasawa.

Tena lilitokea jambo lililo baya zaidi. Wagonjwa wa UKIMWI walipokwenda mahakamani, serikali ilikubali suluhu mwishoni mwa 1990 kwa pauni milioni 42. Wengi wao walikuwa wakifa, na walikuwa na watoto na madeni ya nyumba. Wakaambiwa watie sahihi kuwa hawataishtaki tena serikali, wala kwa homa ya ini waliyoipata au watakayoipata kwa damu ile. Na wengi katika waliotia sahihi hawakujua kuwa walikuwa wamekwisha kuambukizwa homa ya ini. Wako waliokuwa wamepimwa bila ya kuambiwa, na majibu yao yamo katika mafaili ya hospitali!

Jambo hili lilitushughulisha sana. Suluhu ni jambo jema, nayo hukata ugomvi baina ya watu. Lakini suluhu ni mkataba wa ridhaa, na ridhaa haipo kwa asiyejua anachokiwacha. Mtu akinunua kwako ng'ombe nawe wajua kuwa ana maradhi, ukamficha, mauzo yale yana kasoro, na mnunuzi ana haki ya kumrudisha. Seuze mtu aliyeuza haki ya ini lake mwenyewe, naye hajui kuwa lina ugonjwa, na mnunuzi anajua! Labda atasema mtetezi kuwa mawakili wa serikali walitaka tu kumaliza kesi. Naam, walitaka kumaliza kesi. Na anayetaka kumaliza kesi kwa mtu anayekata roho ameshika mizani kwa mkono mmoja na saa kwa mkono wa pili.

Turudi kwa kijana wetu na suali lake la nani alipe. Ni suali zuri, wala halikustahiki kujibiwa kwa haraka. Mtu wa miaka ishirini, Leeds au Cardiff, akitoa kodi leo, kosa lake ni nini katika barua ya 1983? Tunasema: hana kosa, na bado yafaa alipe. Kwani yeye amerithi. Amerithi hospitali zile zile, barabara, na skuli, na jina la dola yenyewe. Na anayerithi nyumba hurithi na deni lililo juu yake. Kwetu sisi jambo hili si geni, kwani deni la maiti hulipwa kabla warithi hawajagawana hata kisahani. Na katika kuua kwa kukosea, diya hubebwa na jamaa wa muuaji, nao hawakushika jiwe wala fimbo, kwa sababu waliokuwa wakineemeka kwa nguvu ya mwenzao hawawezi kumkana siku ya khasara yake. Dola ni jamaa kubwa. Serikali hubadilika, mawaziri huja na kwenda, chama hiki chaondoka na kile chaingia, na kila mmoja wao husema, "Hayo yalitokea zama za wale." Lau hoja hii ingekubaliwa, ingeitosha kila serikali kuchelewesha tu mpaka ibadilike, na hapana dhulma ambayo ingelipwa duniani.

Na huko Uingereza ndivyo ilivyokaribia kuwa. Japani ilifikia suluhu na wagonjwa wake mwaka 1996, baada ya Waziri wa Afya, Naoto Kan, kuomba radhi. Ireland iliunda baraza la fidia mwaka 1995. Ufaransa ilitunga sheria ya fidia mwishoni mwa 1991, na mkuu wa kituo chake cha damu alihukumiwa kifungo mwaka 1992. Waingereza, wanaojisifu kwa sheria zao, ndio waliochelewa: tume kamili ilitangazwa 2017, ripoti ikatoka 2024, na Waziri Mkuu Rishi Sunak akaomba radhi siku ile ile. Sheria ikapita mwezi ule wa Mei kuunda Mamlaka ya Fidia, na malipo ya kwanza kamili yakatoka mwisho wa mwaka. Mwezi wa Julai 2025 Jaji Langstaff alilazimika kutoa ripoti nyengine ya kulalamikia uzito wa kazi, kwani waliokwisha kulipwa fidia kamili wakati ule walikuwa watu 460 tu. Hatuna la kuongeza juu ya hesabu hii, ila kukumbusha kuwa anayengojea ni mgonjwa.

Limebaki suali la bei. Wako wanaosema kuwa uhai hauna bei, kwa hivyo kulipa ni kuutukana. Maneno haya yana sura ya uchamungu, lakini mwenye kufaidika nayo ni mdaiwa. Sisi twaona kuwa fidia haikuwa bei ya uhai hata siku moja. Ni ulimi. Ni njia ambayo dola husema, "Ni mimi," kwa lugha ambayo haiwezi kuikana kesho, kwani maneno ya radhi hayana gharama, na yanayogharimu ndiyo yanayoaminiwa. Tulipoangalia jinsi walivyoigawa fidia ile tuliona kuwa hawakuhesabu mwili peke yake. Liko fungu la madhara ya mwili, na la mapato yaliyopotea, na la uuguzi, na la kutengwa na watu, kwani katika miaka ile familia ikijulikana ina mgonjwa wa UKIMWI ilikuwa ikikimbiwa na kuandikiwa matusi ukutani. Na liko fungu ambalo lilitupendeza: fungu la kunyang'anywa khiyari, kwa mtu aliyetibiwa na kupimwa na kufanyiwa majaribio bila ya kuulizwa. Aliyeliweka alifahamu kuwa mtu anayenyimwa kujua amenyang'anywa kitu, hata kama hakuugua.

Lakini lipo ambalo hatukuliona katika mafungu yale, na ndilo lililotukosesha usingizi. Tulisema kuwa dawa ile iliwekwa nyumbani katika friji. Mtoto wa miaka mitano au sita hajidungi mwenyewe. Mama ndiye aliyefundishwa na wauguzi kuutafuta mshipa wa mwanawe, naye akajifunza kwa khofu na machozi, akawa hodari. Kila goti lilipovimba alitoa chupa, akachanganya unga na maji, akamshika mwanawe mkono, akamdunga. Akafurahi kuona maumivu yanatulia. Baada ya miaka akaambiwa kilichokuwamo katika chupa. Mama wa namna hii walisimama mbele ya tume wakasema kuwa mpaka leo wanajilaumu. Hawana dhambi hata ya chembe; kila mtu aliwaambia hivyo, nao wanajua. Na bado wauona mkono wao.

Hapa pana dhulma ambayo hatukuikuta katika mlango wowote tuliousoma: kumtumia mwenye mapenzi kuwa chombo cha kumdhuru anayempenda. Fidia haiwezi kuuosha mkono ule. Lakini upo uwezo mmoja ilio nao, nao ni kuhamisha lawama. Kila mwaka ambao serikali ilisema, "Walipewa tiba bora iliyokuwapo, na hapana aliyekosea," ilikuwa ikimwacha mama yule peke yake chumbani na lawama yake, kwani kama hapana aliyekosea, basi ni nani? Siku iliposema, "Tulikosea sisi, na haya ndiyo malipo," ilinyanyua mzigo kutoka kwenye bega lisilokuwa lake. Ndiyo maana twasema kuwa anayewalipa watu hawa kwa jina la huruma, huku akikana kuwajibika, amewapa pesa na kuwanyima kile pesa zilichokusudiwa.

Usiku wa darasa uliofuata tuliyasoma haya mbele ya wenzetu. Kijana alikinai katika suali la urithi, ila alishikilia kuwa wakubwa waliohusika walistahiki kushtakiwa pia, na hapo hatukumpinga. Mzee wetu hakusema neno mpaka tulipofika kwenye khabari ya wale mama. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na mama huyo, yeye amelipwa?"

Tukamwambia kuwa malipo ya dharura ya pauni 100,000 ya mwaka 2022 walipewa wagonjwa walio hai na wajane wa waliokufa. Wazazi waliozika watoto wao hawakuwamo. Katika mpango mpya wa fidia wamo, wamewekwa katika safu ya walioathirika, baada ya wagonjwa wenyewe. Na ripoti ya Julai 2025 ilipotoka, safu hiyo ilikuwa bado haijafunguliwa mlango. Mzee akauliza tena wana umri gani sasa wale mama. Tukamwambia kuwa mtoto aliyedungwa mwaka 1980, mamake leo ni mtu wa miaka sabini au themanini.